Mashine ya Michezo au Kompyuta ya Kujiundia: Ipi Yafaa Pesa Zetu?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Katika toleo hili nimeona ni vyema tulijadili swali ambalo huzua kelele nyingi wakati wa chakula cha mchana. Nalo ni hili: mtu akiwa na pesa kidogo alizoweka, anunue mashine ya michezo kama PlayStation au Xbox, ama ajiundie kompyuta inayoweza kucheza michezo hiyo hiyo?

Kwa kawaida ubishi huu hauendi mbali. Mmoja husema, "PS ndiyo mpango mzima!" Mwingine hujibu kwamba kompyuta ndiyo yenye nguvu. Kengele hulia na kila mtu hurudi darasani na lake. Hakuna aliyepiga hesabu.

Jambo hili si mchezo tu. Wengi wetu ni wanafunzi wa kutwa. Pesa za kitu kama hiki nyumbani hupatikana mara moja, labda baada ya mzazi kuuza mavuno au baada yako mwenyewe kufanya vibarua likizo tatu mfululizo. Ukinunua kisichokufaa, hakuna ya pili. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Basi tujifunze kwanza, kisha ndipo tununue.

1. MANENO TUTAKAYOTUMIA

Prosesa ni ubongo wa kompyuta. Hufanya hesabu zote na kuamua kazi ipi ifuate.

Kadi ya michoro ni kipuri kinachochora picha kwenye kioo. Katika michezo, hiki ndicho hufanya kazi nzito zaidi.

RAM ni kumbukumbu ya muda. Ni kama meza ya kufanyia kazi: ikiwa ndogo, vitabu huanguka.

SSD ni ghala la kudumu, mahali michezo na kazi zako hukaa hata stima ikipotea. Ni ya kasi kuliko diski ya zamani inayozunguka.

Ubao mama ni ule ubao mkubwa ambao vipuri vyote huchomekwa.

Programu endeshi ni programu kuu inayosimamia mashine yote, kwa mfano Windows au Linux.

2. TOFAUTI KUBWA NI UFUNGUO

Watu wengi hudhani kwamba ndani ya mashine ya michezo mna ufundi wa ajabu usiopatikana kwingine. Sivyo. PlayStation 5, iliyoanza kuuzwa Novemba 2020, ina prosesa ya kampuni ya AMD yenye viini 8, kumbukumbu ya gigabaiti 16 na SSD ya gigabaiti 825. Xbox Series X iliyotoka mwezi uo huo pia inatumia chipu ya AMD. AMD hiyo hiyo ndiyo huuza prosesa na kadi za michoro kwa watu wanaojiundia kompyuta. Kwa hiyo mashine ya michezo nayo ni kompyuta. Tofauti ni kwamba imefungwa, na ufunguo umebaki kwa aliyeitengeneza.

Mambo haya yalianza zamani. Mwaka 1983 biashara ya michezo ya video iliporomoka kule Marekani, na sababu moja ilikuwa kwamba soko lilijaa michezo mibovu. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilipoanza kuuza mashine yake huko mwaka 1985, iliweka chipu ya kufuli ndani ya mashine na chipu nyingine ndani ya kila kaseti ya mchezo. Zisipotambuana, mchezo haukubali kuwaka. Hivyo ilikuwa vigumu mtu kuuza mchezo bila idhini ya Nintendo. Faida yake ni kwamba takataka zilipungua. Hasara yake ni kwamba mwenye kufuli ndiye aliyeamua nani auze, auze nini, na alipe kiasi gani.

Kompyuta zilifuata njia nyingine. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya kibinafsi Agosti 1981, ilitumia vipuri vya watu wengine: prosesa ya Intel na programu endeshi ya Microsoft. Tena ilichapisha kitabu kilichoeleza jinsi mashine hiyo ilivyoundwa. Hata miaka miwili haikuisha, kampuni ya Compaq ikawa inauza kompyuta inayoendesha programu zile zile. Tangu hapo kipuri cha kampuni hii kikawa kinaingia katika mashine ya kampuni ile. Ndiyo sababu leo fundi wa mtaani anaweza kukuongezea RAM bila kuomba ruhusa ya mtu.

Je, ufunguo huo una maana gani kwa mnunuzi? Tutazame mfano mmoja wa kweli. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, ilikuwa na nafasi ya kuweka programu endeshi nyingine, kama Linux, ukaitumia kama kompyuta. Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha mashine kama 1,760 za aina hiyo likapata kompyuta kubwa ya utafiti, iliyozinduliwa mwaka 2010. Lakini Aprili mwaka uo huo Sony ilitoa sasisho lililoondoa nafasi hiyo. Mtu aliyekataa sasisho alifungiwa huduma ya kucheza mtandaoni, na aliyekubali alipoteza kitu alichokuwa amekilipia. Wanunuzi walienda kortini, na miaka kadhaa baadaye kampuni ikakubali kulipa fidia.

Mfano mwingine ni wa maduka. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga mauzo katika duka la mtandaoni la mashine zake za 3DS na Wii U. Tarehe 29 Julai 2024 Microsoft nayo ikafunga duka la Xbox 360. Mashine bado huwaka, na michezo uliyokwisha kuinunua iliachwa. Lakini kununua mwingine mpya katika maduka hayo haiwezekani tena, hata ukiwa na pesa mkononi.

3. KWA NINI MASHINE YA MICHEZO HUONEKANA RAHISI?

Ukilinganisha siku ya kwanza dukani, mara nyingi mashine ya michezo hushinda. Kuunda kwa vipuri vipya kompyuta yenye nguvu sawa na PlayStation 5 kwa bei ya PlayStation 5 ni kazi ngumu. Mbona?

Ni kwa sababu mwenye kufuli hahitaji kupata faida siku hiyo. Mwaka 2021, katika kesi iliyosikizwa Marekani kati ya kampuni za Epic Games na Apple, afisa wa Microsoft alieleza mahakama kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine zenyewe za Xbox. Sony nayo ilisema mwaka uo huo kwamba PlayStation 5 ya dola 499 ndiyo kwanza imeacha kuuzwa kwa hasara. Basi faida hutoka wapi? Hutoka katika michezo, kwa kuwa kwa kawaida mwenye duka hukata kama asilimia 30 ya bei ya kila mchezo, na pia katika ada za kila mwaka. Ni kama mtu anayekupa taa kwa bei ya chini akijua mafuta utayanunua kwake siku zote.

Hiyo si dhambi. Ni biashara. Lakini mnunuzi lazima ajue kwamba bei iliyoandikwa kwenye kisanduku ni mlango tu, nyumba bado.

4. HESABU YA MIAKA MINNE

Sasa tupige hesabu. Nitatumia bei za Marekani kwa dola kwa sababu hutangazwa wazi. Bei za shilingi sitaandika, maana gazeti letu hukaa maktabani mwaka mzima na bei za Nairobi hubadilika kila wiki, tena zina ushuru na faida ya muuzaji ndani yake.

Agosti 2025 Sony ilipandisha bei ya PlayStation 5 yenye diski huko Marekani hadi dola 549.99. Hilo lenyewe ni la kushangaza, kwa kuwa zamani mashine ya michezo ilizoea kushuka bei inapozeeka. Kisha kuna ada ya PlayStation Plus. Tangu PlayStation 4 ya mwaka 2013, mtu hawezi kucheza na wenzake mtandaoni katika michezo ya kulipia bila ada hiyo, isipokuwa ile michezo ya bure kama Fortnite. Septemba 2023 ada ya chini kabisa ya mwaka ilipandishwa kutoka dola 59.99 hadi 79.99.

Mashine: dola 549.99
Ada ya miaka 4 (79.99 × 4): dola 319.96
Jumla: dola 869.95

Umeona? Zaidi ya theluthi ya jumla hiyo ni ada. Kwenye kompyuta, kucheza mtandaoni hakuna ada ya namna hiyo katika michezo mingi. Unalipia bando lako tu.

Michezo yenyewe sijaihesabu, kwa sababu ile mikubwa mipya huuzwa kama dola 70 pande zote mbili. Hata hivyo kompyuta ina maduka kadhaa yanayoshindana. Steam ilianza mwaka 2003, na duka la Epic Games lililoanza Desemba 2018 limekuwa likigawa michezo ya bure mara kwa mara. Penye ushindani bei hulegea.

Lakini haki itendeke. Kama wewe huchezi mtandaoni, ile dola 319.96 futa kabisa. Tena mashine yenye diski ina jambo moja zuri sana kwetu: diski unaweza kuazimana na jirani au kuiuza ukiichoka. Mchezo wa Steam umefungwa kwenye akaunti yako, huwezi kuuuza. Kwa hiyo kompyuta nayo ina vifuli vyake vidogo.

5. JINSI YA KUUNDA KWA PESA KIDOGO

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Siri ni moja: usianze na vipuri vipya. Anza na kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk ambazo makampuni ya ng'ambo huzitoa baada ya miaka michache na kuletwa kuuzwa Luthuli Avenue na kwingineko. Jenga juu yake hatua kwa hatua. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatua ya kwanza: nunua mashine kuu. Tafuta yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa mfano Core i5-8500 ya mwaka 2018 yenye viini 6. Kwa nini kizazi cha 8? Kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi hicho. Siku hiyo hiyo utaanza kuitumia: kuandika insha, kusoma, kujifunza kuandika programu, hata kucheza michezo ya zamani kwa michoro iliyo ndani ya prosesa yenyewe.

Hatua ya pili: weka SSD kama haina, na ongeza RAM ifike gigabaiti 16. Vijiti viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa maana prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja. Ujue kwamba bei ya RAM ilipanda vibaya mwishoni mwa mwaka 2025 viwanda vilipoelekeza chipu kwenye kompyuta za akili bandia. Kwa hiyo kompyuta ya mtumba iliyo tayari na RAM nyingi ina thamani kuliko zamani.

Hatua ya tatu: pesa zikipatikana tena, nunua kadi ya michoro. Hapa kuna hesabu ya umeme. Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu, na kompyuta nyingi za ofisi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Basi chukua kadi isiyozidi hapo. GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019 yenye gigabaiti 4 ilitengenezwa kwa wati 75. Kuna zake zenye tundu la waya wa ziada, kwa hiyo tazama kabla ya kulipa. Kadi hiyo haitashindana na PlayStation 5, tusidanganyane. Lakini Grand Theft Auto V ilipendekeza GTX 660 tu ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2015, na hii ni kadi yenye nguvu zaidi. Michezo ya mpira nayo itaendeshwa ukipunguza urembo wa picha.

Kufunga kadi si uchawi. Zima mashine, chomoa waya wa stima, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli mwilini utoke, ondoa kibati cha nyuma, chomeka kadi mpaka isikike imeshika, kisha kaza skrubu. Kioo si lazima ununue. Waya wa HDMI utaiunganisha na televisheni ya nyumbani. Tatizo utakalobaki nalo ni taarifa ya habari ya saa moja jioni, na hapo mzee ana haki yake.

Faida kuu ya njia hii ni kwamba gharama imegawanyika. Nusu ya PlayStation hainunuliki, bali nusu ya kompyuta hununulika na hufanya kazi.

6. MITEGO YA KUEPUKA

(a) Kasha jembamba. Kompyuta nyembamba za ofisi hazipokei kadi ndefu. Zina kadi zao fupi. Nenda na rula, usiogope kuchekwa.

(b) Kadi bandia. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani ili zisomeke kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huzitambua nyingi na kuandika wazi kwamba ni bandia. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Akikataa, ondoka.

(c) Kadi inayozeeka. GTX 1050 Ti hata ikiwa halisi, NVIDIA ilimaliza kuitolea masasisho ya kawaida ya michezo Oktoba 2025. GTX 1650 ni ya kizazi kilichofuata.

(d) Kisanduku cha umeme. Baadhi ya kompyuta za ofisi zina nyaya za umeme zisizo za kawaida. Usidhani utabadilisha na chochote utakachopata sokoni.

(e) Linux. Ni ya bure na ni nzuri kwa masomo, lakini baadhi ya michezo ya mtandaoni, kama Fortnite na Valorant, haikubali kuchezwa humo kwa sababu ya programu zake za kuzuia udanganyifu.

(f) Stima. PlayStation 5 hutumia kama wati 200 katika mchezo mzito. Wati 200 kwa saa 5 ni yuniti moja ya tokeni. Kompyuta ya hapo juu iko karibu na hapo au chini kidogo. Jua nani analipa tokeni nyumbani, umheshimu.

7. NANI ANUNUE NINI?

Mashine ya michezo ina haki zake, nami sitazificha. Unachomeka na kucheza. Haikuulizi una kadi gani. Michezo mingine huifikia mapema: Grand Theft Auto V ilitoka kwenye mashine hizo Septemba 2013, na wenye kompyuta walisubiri hadi Aprili 2015. Mtu anayetaka kufungua kibanda cha PS, vijana walipie kila mechi, namshauri anunue mashine ya michezo bila kusita. Ni imara, wawili hucheza pamoja kwenye kioo kimoja, na ada ya mtandao haimhusu.

Lakini kwa mwanafunzi mwenye nafasi moja tu ya kununua, msimamo wangu ni kompyuta. Sababu si michoro, maana kwa michoro tutashindwa. Sababu ni kwamba mashine iliyofungwa hufanya kazi ambayo mwenye ufunguo ameiruhusu, na siku akibadili nia, huna la kufanya. Kompyuta ikiharibika RAM, unabadilisha RAM. Duka moja likifungwa, lipo jingine. Ndugu yako mdogo ataandika kazi yake humo asubuhi nawe utacheza jioni. Na ukichoka kucheza michezo ya wengine, waweza kujaribu kuunda wako, kwa sababu chombo cha kuundia ni hicho hicho.

Hata hivyo tusilale. Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba watu wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wafungue akaunti ya PlayStation. Katika nchi nyingi, zikiwemo nchi nyingi za Afrika, akaunti hiyo haikupatikana rasmi, na mchezo ukaondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji walilalamika kwa wingi, na baada ya siku chache sharti likaondolewa. Kumbe kufuli huweza kutufuata hata kwenye kompyuta. Mnunuzi mwerevu huuliza maswali mawili dukani: "Ni pesa ngapi?" na "Ufunguo anabaki nao nani?"

ZOEZI

1. Taja vipuri vitano vya kompyuta na ueleze kazi ya kila kimoja kwa sentensi moja.

2. Kwa nini kampuni hukubali kuuza mashine ya michezo bila faida?

3. Mashine ya wati 200 ikichezwa saa 2 kila siku kwa siku 30, itatumia yuniti ngapi za stima? Zidisha kwa bei ya yuniti mnayolipa kwenu.

4. Tembelea au pigia maduka matatu, uandike bei za shilingi za zile hatua tatu za kuunda kompyuta. Linganisha na bei ya mashine ya michezo, mpya na ya mtumba. Lete jedwali lako katika mkutano wa chama.

5. Mjadala: "Mashine iliyofungwa ni nyumba ya kupanga, si mali ya mnunuzi." Jadili.

Wenzangu mnaotetea PS, karatasi na kalamu ziko tayari. Njooni na hesabu, kelele tumezisikia za kutosha. Wasalaam.